Asili ya Myles Standish: Daftari la Parokia, Wosia na Ardhi Iliyopotea

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili asili ya kifamilia ya Myles Standish, kamanda wa kijeshi wa koloni la Plymouth, lililoanzishwa na Waingereza mwaka 1620 katika eneo ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Massachusetts, Marekani. Matendo yake kolonini yameandikwa kwa kina, lakini hakuna hati iliyokwisha kupatikana inayowataja wazazi wake. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba mashamba aliyoyadai yanatufikisha karibu zaidi na asili yake kuliko majina au kumbukumbu za ubatizo.

2.0 Jina la Mji na Ukurasa Uliofutika

Standish alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mji wa Duxbury kolonini. Jina hilo ni sawa na la Duxbury iliyo karibu na Chorley, katika Lancashire, Uingereza, ambako tawi moja la ukoo wa Standish lilikuwa na makazi yake. Kutokana na mfanano huo, wazao wake walimtuma wakala Chorley katika miaka ya 1840, wakitumaini kudai mali ya mababu. Katika daftari la parokia, ukurasa wa mwaka 1584 ulikutwa hausomeki. Wakala akashuku kuwa ulifutwa kwa makusudi ili kuficha ubatizo wa mrithi.

Dai hilo halina msingi wa kutosha. Ukurasa usiosomeka hauthibitishi kilichokuwamo. Pengine ulichakaa tu kwa matumizi. Hata hivyo, mwaka 1584 umeendelea kurudiwa vitabuni kana kwamba ni mwaka wa kuzaliwa kwake uliothibitishwa.

3.0 Ushahidi wa Wosia

Katika wosia alioutoa miezi michache kabla ya kifo chake mwaka 1656, Standish alimwachia mwanawe mkubwa, Alexander, mashamba yaliyoko Ormskirk, Burscough, Wrightington, Mawdesley, Newburgh, Croston na kisiwa cha Man. Alidai kuwa yeye ndiye mrithi halali, ila alidhulumiwa ardhi hiyo kwa hila. Na kwamba baba wa babu yake alikuwa mdogo katika nyumba ya Standish wa Standish.

Ni muhimu kuona kisichokuwamo katika orodha hiyo: Duxbury na Chorley hazitajwi. Mwaka 1920, T. C. Porteus alionyesha kwamba maeneo hayo ya Lancashire yanalingana na milki ya tawi la Standish wa Ormskirk, lililohusiana pia na Standish wa kisiwa cha Man. Hivyo, jina la mji lilielekeza kwenye tawi moja, ilhali ardhi ilielekeza kwenye jingine.

Hata hivyo, wosia ni hati ya mdai, na mdai huwa na masilahi yake. Nguvu ya ushahidi huu haitokani na malalamiko ya Standish, bali na ulinganifu wa orodha yake na hati za ardhi ambazo hakuziandika yeye.

4.0 Mahali pa Kuzaliwa

Nathaniel Morton, katibu wa koloni, aliandika mwaka 1669 kwamba Standish alizaliwa Lancashire. Kwa upande mwingine, G. V. C. Young alitetea mwaka 1984 kwamba alizaliwa kisiwa cha Man. Mvutano huu unatokana kwa kiasi fulani na kuchanganya maswali mawili: tawi la ukoo na mahali pa kuzaliwa. Mtu wa tawi la Ormskirk angeweza kuzaliwa upande wowote wa bahari.

5.0 Hitimisho

Ushahidi uliopo unamweka Standish katika tawi la Ormskirk na Man, lakini hauwatambulishi wazazi wake. Mtafiti wa nasaba hana budi kukomea pale hati zinapokomea. Wazao waliomtuma wakala Chorley walitafuta urithi kwanza, ukweli baadaye. Ndiyo maana ukurasa mtupu uliwatosha kuwa ushahidi.