Saratani ya Asbestosi: Si Kila Kikohozi ni TB

Wadau, hili limenigusa mwenyewe. Mjomba wangu alianza kazi mwaka 1974 kwenye karakana moja, akifunga asbestosi kwenye mabomba ya mvuke. Alirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope. Akastaafu salama. Mwaka 2016 akaanza kubanwa pumzi, kifua kikamuuma upande mmoja. Akameza dawa za TB miezi sita, ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea hata siku moja. Hakuna aliyemuuliza ujanani alifanya kazi gani, na sisi hatukusema.

Ugonjwa wenyewe unaitwa mesothelioma: saratani ya utando unaofunika mapafu, mara chache ule wa tumboni. Hujitokeza kati ya miaka 20 na 50 baada ya kuvuta vumbi, ndio maana watu wanakuwa wameshasahau. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, wengi wao wa eneo la migodi ya asbestosi. Baadhi hawakuwahi kuchimba, waliishi tu jirani.

Dalili za kuangalia:
- Pumzi kukata hata kwa kazi ndogo
- Maumivu ya kifua yasiyoisha
- Maji kujaa kifuani, yakitolewa yanarudi
- Kikohozi kikavu, kukonda, kuchoka

Vipimo vinavyofuata:
1. Eksirei huonyesha maji au utando ulionenepa, lakini haithibitishi saratani.
2. Kipimo cha CT huonyesha vizuri zaidi ugonjwa umefika wapi.
3. Maji ya kifuani hupimwa maabara. Yakionekana safi, usishangilie bado, maana mara nyingi hayaonyeshi kitu.
4. Jibu la uhakika hutokana na kinyama kidogo kinachokatwa kwenye utando na kupimwa.

Sigara haileti mesothelioma, ila sigara na asbestosi pamoja huongeza sana hatari ya saratani ya mapafu yenyewe.

Na sisi vijana tusijidanganye kuwa ni ya wazee. Paa la zamani la asbestosi lisiloguswa hatari yake ni ndogo. Kulikata msumeno au kulivunja ndiko kunakotoa vumbi.

Mjomba alipata jibu akiwa amebakiza miezi minne. Jamani, muulize mzee wako leo: ulifanya kazi wapi, na vumbi gani? Andika kwenye karatasi. Siku ya kwenda hospitali, mpe daktari kabla hajauliza.