Mtandao mzuri ni wa wapi?

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia na swali ambalo bila shaka hata wewe umewahi kuulizwa. "Shikamoo mzee," alisema, "nataka kuhama mtandao. Upi ni mzuri?" Nami nikamuuliza: mzuri wapi? Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa natania. Naomba leo unipe dakika zako chache nieleze jinsi nilivyojifunza kuuliza swali hilo, maana somo lenyewe sikulipata bure.

Tuanzie mbali kidogo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na cha kuchagua katika nchi yetu. Simu ilikuwa mali ya Shirika la Posta na Simu, na aliyetaka kuunganishiwa nyumbani kwake alijaza fomu, kisha akasubiri, na wapo waliosubiri kwa miaka. Sheria za mwaka 1993 zikalivunja shirika hilo, posta ikaenda upande wake na simu upande wake, na mwaka 1994 Kampuni ya Simu, yaani TTCL, ikaanza kazi. Katikati ya miaka hiyo ikaja Mobitel, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi Tanzania Bara. Zantel ikafuata Zanzibar mwaka 1999, Vodacom Agosti 2000, na Celtel mwaka 2001. Ipo pia Tritel, ambayo vijana wengi hawaijui, kwa kuwa iliingia na kutoka mapema.

Majina hayo mengi hayapo tena. Mobitel ilikuja kuitwa Buzz, kisha Tigo, na tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, na Airtel mwaka 2010. Nayakumbusha haya kwa sababu wengi wetu tunachagua mtandao kama tunavyochagua timu ya mpira: kwa jina, kwa rangi ya jezi na kwa kelele za mashabiki. Jina hubadilika usiku mmoja, rangi za vibanda zikapakwa upya, lakini mnara wa nyuma ya shule unabaki pale pale, na unafika pale pale ulipokuwa ukifika jana.

Hata mnara wenyewe si lazima uwe wa kampuni unayoidhania. Mwaka 2010 Millicom, iliyokuwa mmiliki wa Tigo, ilikubali kuuza minara yake ya Tanzania kwa kampuni ya Helios Towers, na mwaka 2013 Vodacom nayo ikauza yake kwa kampuni hiyo hiyo. Tangu hapo si ajabu mnara mmoja kubeba vifaa vya mitandao miwili au mitatu, kila mmoja ukilipa kodi kama mpangaji. Kwa hiyo mabishano ya barazani kwamba mnara ule ni wa fulani, mara nyingi ni mabishano kuhusu mpangaji wa chumba kimoja katika nyumba ya mtu mwingine.

Sasa niseme yaliyonipata. Mwaka 2011 kupiga simu ndani ya mtandao mmoja kulikuwa nafuu, na kupiga kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali. Sababu yake kubwa ilikuwa ada ambayo kampuni hulipana simu inapovuka kutoka mtandao huu kwenda ule. Ada hiyo ilikuwa shilingi 112 kwa dakika, hadi Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipoishusha kuwa shilingi 34.92 kuanzia Machi 2013, na imeendelea kushuka tangu hapo. Lakini mwaka 2011 bado tulikuwa tumefungiwa kila mtu katika zizi lake. Mimi, kwa hesabu zangu za mjini, nikaona ni ujinga familia moja kutumia mitandao mitatu.

Nikanunua laini za kampuni moja, ambayo jina lake halina umuhimu hapa. Pale Dar es Salaam ilikuwa ikinishikia vizuri hata ndani ya basi lililojaa. Siku ya Idd nikapanda nazo hadi kijijini kwetu, katika milima ya Lushoto. Nikamkabidhi mama yangu laini moja, mdogo wangu moja, na wengine wawili za kwao. Nikawahimiza waache zile za zamani. Mama aliitazama ile laini, akasema tu, "Ahsante, mwanangu." Baada ya mwezi aliniambia kwa upole kwamba laini yangu inataka mtu apande mlimani kwanza. Nami nikamjibu, kwa ujuaji wa mtu wa mjini, kwamba kampuni inaendelea kujenga na avumilie kidogo.

Usiku mmoja wa mvua mama alishikwa na homa kali. Mdogo wangu alijaribu kunipigia akiwa nyumbani, simu ikakataa. Alijaribu kumpata mwenye gari mji wa jirani, ikakataa. Ilibidi apande kilima gizani, kwenye utelezi, hadi kwenye jiwe ambalo kijiji kizima kilijua kuwa ndipo mtandao wetu ulipokuwa unashika. Karibu saa mbili zilipotea. Mama alifikishwa hospitali alfajiri, na kwa rehema ya Mungu alipona. Ila zile saa mbili zilikuwa zangu mimi. Kampuni haikuwahi kuniambia kwamba inafika pale bondeni. Mimi ndiye niliyedhani kwamba inayofika Kariakoo inafika kila mahali.

Ndugu msikilizaji, kosa langu lilikuwa na sababu zake. Ya kwanza ni ya maumbile. Mawimbi ya simu ni kama sauti ya ngoma. Mlio mzito husikika mbali, na mlio mwembamba hupotea karibu. Masafa ya chini, kama megahezi 800 au 900, hutambaa mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, na yale ya 1800, 2100 au 2600 hubeba mzigo mkubwa lakini hayafiki mbali. Hata katika uwanda uliotandazika kama mkeka, mnara wa kawaida wa GSM, ile teknolojia ya kizazi cha pili, haukuundwa kuhudumia simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35. Milima ya Usambara ndiyo hufanya hesabu iwe mbaya zaidi, maana mlima mmoja tu ukikaa kati ya mnara na nyumba yako, kilomita tatu zinatosha kukunyima mtandao.

Sababu ya pili ni ya hesabu, na hii ndiyo hutudanganya wengi. Kampuni ikitangaza kwamba imefikia asilimia fulani, uliza: asilimia ya watu, au ya nchi? Chukua sensa ya mwaka 2022. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3, nao una eneo la kilomita za mraba zisizofika 1,400. Mkoa wa Tabora ulihesabiwa watu wapatao milioni 3.4, katika eneo la kilomita za mraba 76,000 na ushei. Maana yake ni kwamba Tabora ni kubwa kuliko Dar es Salaam zaidi ya mara 50, lakini mwenye kuweka minara Dar es Salaam peke yake anaweza kujisifu kwa watu wengi kuliko aliyeifunika Tabora nzima. Haongopi. Amehesabu vichwa, wewe ukadhani amehesabu vijiji.

Kadhalika zile ramani zenye rangi. Nyingi huchorwa kwa hesabu za kompyuta kuhusu umbali, urefu wa mnara na umbo la nchi, na mara nyingi hukadiria mtu aliyesimama nje. Hazijui kwamba unalala chumba cha ndani chenye kuta za zege na bati juu. Ramani ni ahadi ya jumla, na si kiapo juu ya kitanda chako.

Sababu hizi zinaeleza pia kwa nini Serikali ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mahali pasipolipa, mfanyabiashara hajengi mpaka apewe ruzuku. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Hizo ni kata ambazo hesabu ya vichwa peke yake ingeziacha zingoje.

Leo, hata hivyo, kijana wa mtaani kwetu hakuniuliza habari za kupiga simu. Aliniuliza habari za kasi ya intaneti, kwa kuwa riziki yake iko humo. Anapokea picha za wateja, anazitengeneza na kuzirudisha. Hapa napo ipo historia. Hadi mwaka 2009 intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti zilizo umbali wa kilomita kama 36,000 juu ya dunia, na ujumbe ulikwenda na kurudi kwa kujikongoja. Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Ndipo mambo yalipobadilika.

Lakini kumbuka pia tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu baharini, kusini mwetu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Wapo waliotupa laini ya kampuni hii wakakimbilia ile, wakaikuta nayo inahema. Kasi unayoiona kwenye simu yako ni safari yenye vituo vingi: kutoka mkononi hadi mnarani, kutoka mnarani hadi kwenye mkongo wa nchi kavu, na kutoka hapo hadi baharini. Kabla ya kuilaumu kampuni, jua safari imekwama kituo gani. Jirani mwenye mtandao mwingine naye akilalamika saa ile ile, kuhama hakutakusaidia kitu.

Aidha, kasi ya mnara ni kama maji ya bomba la mtaa. Saa kumi alfajiri unajaza ndoo mara moja, lakini saa mbili usiku, mtaa mzima ukifungua, unangoja. Na jihadhari na vipimo. Matangazo husema megabiti, na ukubwa wa picha zako huhesabiwa kwa megabaiti, ambapo baiti moja ni biti nane. Ukiahidiwa megabiti 8 kwa sekunde, faili la megabaiti 80 litachukua sekunde 80, na hiyo ni pale mambo yote yakienda sawa.

Basi nilimwambia kijana afanye hivi. Aazime laini kwa rafiki, au anunue moja ya majaribio na kifurushi kidogo. Aiweke kwenye simu ile ile anayoitumia, maana simu mbovu hufanya kila mtandao uonekane mbovu. Apime pale anapofanyia kazi, na si barabarani. Apime asubuhi, mchana na saa mbili usiku, kwa siku kadhaa. Apime kupakua na kupakia pia, kwa kuwa kazi yake ni kurudisha picha. Kisha apeleke laini hiyo kwao kijijini kabla ya kuwahimiza wengine.

Akiridhika, ahame bila woga. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mteja wa Tanzania anaweza kuhama na namba yake ile ile. Singapore iliruhusu jambo hilo tangu mwaka 1997, na majirani zetu Kenya mwaka 2011. Ahakikishe tu ametumia salio lake na kutoa fedha zilizomo katika simu, kwani namba huhama, salio halihami. Haki hii tusiichukulie kama kitu kidogo. Kampuni inayojua kwamba huwezi kuondoka haina sababu ya kukurekebishia mnara. Lakini haki ya kuhama humfaa aliyepima. Asiyepima anahama kutoka tangazo moja kwenda jingine.

Nimalizie na mama. Alipotoka hospitali nilimpigia magoti, nikamwomba radhi, nikamwambia nitamtafutia ile laini yake ya zamani. Akacheka, akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Laini ilikuwamo.

"Ipo siku zote," alisema. "Nilikuwa naiweka kwenye simu nikitaka kuzungumza na mjomba wako. Ile yako naiweka siku ukisema utapiga. Sikutaka kukuvunja moyo."

Usiku ule wa homa hakuwa na nguvu ya kumwambia mtu fundo liko wapi. Mama yangu hakujua megahezi wala megabiti, lakini alikuwa amekwisha linganisha mitandao miwili, nyumbani kwake, kwa simu yake. Mimi niliyetoka mjini na jibu mfukoni sikumuuliza hata swali moja.