Betri Kati ya Theluji na Jua la Maskati

Meli za watalii hutia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, Matrah, wakati Ulaya iko kwenye baridi. Ikifika Juni gati hupwaya, maana hakuna anayelipa nauli aje kuungua. Bandari hiyo ilifunguliwa mwaka 1974, na hadi shehena ilipohamishiwa Sohar mwaka 2014 ndiyo iliyokuwa mlango wa bidhaa za mji wa Maskati. Kilomita chache upande wa magharibi ipo Mina al Fahal, yalikoanza kupakiwa mafuta ya Oman mwaka 1967. Baina ya bandari hizi mbili ni mahali pazuri pa kuuliza gari la umeme lina nafasi gani katika nchi iliyojengwa kwa mafuta.

Norwei hutajwa kama jibu, na kwa haki. Nayo imetajirika kwa mafuta, tangu yalipogunduliwa Ekofisk mwaka 1969. Nayo ina watu milioni 5 na ushei, sawa na Oman. Mwaka 2024, karibu magari 9 katika kila magari 10 mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme mtupu. Wapo wanaoona ni unafiki kuwauzia wengine mafuta na wewe ukapanda umeme. Mimi naona ni hesabu tu, maana maji ya milima yao huwapa karibu umeme wote wanaouzalisha. Oman haina maji hayo. Umeme wake mwingi hutokana na gesi, ingawa tangu 2022 mtambo wa jua wa Ibri umeongeza megawati 500.

Penye tofauti kubwa zaidi ni kodi. Wanorwei walikuwa wakitozwa ushuru mzito kwa gari la petroli, ndiyo maana msamaha ulioanza mwaka 1990, ukafuatiwa na ule wa VAT mwaka 2001, uliwavuta. Katika nchi za Ghuba ushuru wa forodha wa kawaida ni asilimia 5 tu, na huwezi kumsamehe mtu kodi ambayo hakuwa akiilipa.

Barazani, hata hivyo, mazungumzo huishia kwenye hali ya hewa, na mara nyingi watu huiweka kinyume. Baridi inasifika kwa kuua betri, kumbe huilemaza kwa muda. Kemikali zake huzubaa, kuchaji huchelewa, na hita hula umeme kwa kuwa hakuna injini ya kuazima joto. Katika majaribio ya kila majira ya baridi ya NAF, chama cha wenye magari cha Norwei, yapo magari yanayopungukiwa masafa kidogo tu na yapo yanayopoteza karibu theluthi. Theluji ikiyeyuka, masafa hurudi.

Joto halina hisani hiyo. Leo unafika mbali bila wasiwasi, huku betri ikizeeka kimyakimya, na uwezo ukishapotea ndio basi. Wenye Nissan Leaf za mwanzo huko Arizona waliliona hilo mwaka 2012, kwani betri za gari lile hazikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji. Magari mengi ya kisasa yanao, lakini mwezi Juni 2018, Qurayyat, kusini-mashariki ya Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Betri ingepumzika saa ngapi?

Ada za watu nazo zina neno. Katika nchi za kaskazini, gari la petroli lilichomekwa kwenye umeme usiku kucha tangu zamani, kabla ya magari ya umeme ya leo, ili hita ipashe injini moto na asubuhi iwake. Maskati gari huachwa likinguruma nje ya duka la karak, eisi ikipuliza, dereva akipiga honi aletewe chai dirishani. Ada hii ya pili hulaumiwa kwa kupoteza mafuta, lakini gari la umeme linaifaa sana: eisi huendelea bila injini wala moshi. Tena kupoza ni kazi nyepesi kuliko kupasha. Kutoka nyuzi 15 chini ya sifuri hadi 21 ni hatua 36. Kutoka 45 hadi 23 ni 22, ingawa jua linalopenya kioo nalo lina mzigo wake.

Afrika Mashariki yenyewe haisumbuliwi sana na kipimajoto. Ethiopia ilipozuia kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka 2024, hoja ilikuwa dola zinazoishia kwenye mafuta huku mabwawa yakitoa umeme wa nyumbani. Nairobi na Kigali zimeanzia kwenye pikipiki, ambako betri iliyokwisha hubadilishwa kwa iliyojaa na abiria akaendelea na safari.

Oman haiwezi kuiga moja kwa moja hata mmoja wa hawa. Jua la Ibri hutoa umeme mwingi adhuhuri, saa ambayo gari lililoegeshwa wazi huwa limeungua. Paa la sola juu ya maegesho ya ofisi lingetoa umeme na kivuli kwa pamoja, na hilo Oslo ya Januari haiwezi kulifanya.