Joto: Kitu au Mwendo?

Kila mtu hulijua joto kwa ngozi yake, walakini wataalamu wa Ulaya walishindana juu ya asili yake kwa muda wa karne moja hivi, na katika mashindano hayo jina lilikuwa na nguvu kubwa.

Katika miaka ya 1760 Joseph Black wa Chuo Kikuu cha Glasgow alifundisha ya kuwa barafu inayoyeyuka hupokea joto jingi, ilhali kipimajoto hakipandi hata kidogo. Basi wingi wa joto ni jambo moja, na kadiri ya ukali wake, yaani halijoto, ni jambo jingine. Je, joto hilo lilikwenda wapi? Wengi walijibu kwamba joto ni kitu chepesi kisicho na uzito, ambacho huweza kujificha ndani ya vitu vingine. Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake, walipokuwa wakiyatengeneza upya majina ya kemia, walikiita kitu hicho kaloriki. Na mwaka 1789 Lavoisier alikiorodhesha pamoja na oksijeni na haidrojeni.

Mwaka 1798 Rumford alileta pingamizi. Huko Munich alipekecha mzinga kwa keekee butu lililozungushwa kwa nguvu za farasi, na baada ya saa mbili na nusu maji yaliyouzunguka yakachemka. Maadamu farasi walizunguka, joto halikukoma. Kitu kilichowekwa akiba hakiwezi kutoka bila kikomo. Kwa hiyo, alisema, joto ni mwendo. Kiswahili chenyewe hutumia neno moja, kupekecha, kwa kutoboa na kwa kutoa moto katika vijiti.

Hata hivyo kaloriki haikufa. Mwaka 1824 Sadi Carnot wa Ufaransa aliilinganisha mashine ya mvuke na gurudumu la maji: kaloriki ikishuka kutoka penye moto hadi penye baridi, kazi hupatikana. Wazo la kaloriki lilikuwa na kosa, lakini tokeo lake kuu lilikuwa kweli: halijoto hizo mbili ndizo zinazoweka mpaka ambao mashine yoyote haiwezi kuupita. Katika miaka ya 1840 James Joule alipima, kwa mawe ya mizani yaliyoshuka na kuzungusha makafi ndani ya maji, jinsi kazi inavyogeuka joto kwa kadiri isiyobadilika. Mwaka 1850 Rudolf Clausius alipatanisha mambo hayo mawili: joto na kazi hugeuzana, wala joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi hadi penye moto. Mwaka 1865 alibuni neno entropia kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mageuzi, akilifananisha kwa makusudi na enerjia.

Kaloriki imezikwa, lakini kalori yangali yahesabiwa katika vyakula, na watu bado husema joto limeingia au limetoka, kana kwamba ni mgeni nyumbani. Watungao istilahi wapate funzo hapa: jina zuri huwawezesha watu kufikiri, hata kabla ukweli haujajulikana, lakini kuwako kwa jina si ushahidi wa kuwako kwa kitu.