Jiko la Kauri la Kenya

Kwa miongo mingi, mafundi wa bati wa Nairobi walifua majiko ya mkaa kutokana na mabati chakavu. Jiko la aina hiyo lilikuwa jepesi na la bei nafuu, lakini kuta zake za chuma zilipoteza joto jingi hewani, na mpishi ndiye aliyelipia hasara hiyo kila aliponunua mkaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wabunifu, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui, walianza kurekebisha jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina chungu cha udongo ndani ya ndoo ya chuma. Umbo lililoshinda nchini Kenya lina kiuno chembamba. Kauri imewekwa nusu ya juu tu, pale mkaa unapowaka. Nusu ya chini hupokea majivu na kuingiza hewa kupitia kilango kinachofungwa na kufunguliwa. Jiko hili likitengenezwa vizuri, hupunguza matumizi ya mkaa kwa kati ya asilimia 30 na 50.

Ubunifu huo haukufungiwa kwa hataza, na pengine hilo ndilo lililoufikisha mbali kuliko uhandisi wenyewe. Mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo zisizo rasmi, katika mtaa wa Shauri Moyo jijini Nairobi waliunakili kwa macho na mikono, wafinyanzi wakawauzia kauri. Ubora ulitofautiana, bila shaka: kauri iliyochomwa vibaya hupasuka mapema. Hata hivyo majiko ya aina hiyo yalienea hadi Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia.