HABARI ZA WAUGUZI WETU, NA JINSI WALIVYOPATA CHAMA

Katika vitabu vya jubilei majina ya maaskofu na mapadre hutangulia, nayo ni haki yao. Lakini yuko mtu ambaye wengi wetu tulikuwa mikononi mwake kabla ya kupelekwa kwenye maji ya ubatizo, naye ni mwuguzi. Ni nadra kulikuta jina lake katika orodha. Kwa hiyo sisi makatekista wa Songea tumeona vema kuandika habari zake, na zaidi habari za chama alichokuja kukiunda. Maana alikuwa amezoezwa kufanya kazi na kunyamaza, na chama ndicho kilichomfundisha kusema.

Wamisionari Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898. Tusidhani kwamba kabla yao wagonjwa wa Ungoni na Umatengo walilala bila mtu wa kuwatazama. Walikuwako waganga wa mizizi, walikuwako na mabibi wakunga waliojua mambo ya uzazi kwa kurithishana. Walichokileta wageni ni jambo jingine: nyumba ambamo mgonjwa asiye ndugu yako analazwa, anaoshwa na kulishwa na mtu ambaye si wa ukoo wake. Jambo hilo lilikuwa geni.

Kazi haijapata mizizi, ikaja vita ya Maji Maji. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa akiwa njiani kuja Peramiho, na pamoja naye mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Mwezi wa Septemba misioni ya Peramiho ikachomwa moto. Kisha ikaja zamu ya watu wetu: tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga wakuu wa Wangoni hapa Songea, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Twataja mambo haya yote pamoja kwa sababu uuguzi wa nchi hii ulikua katikati ya majivu hayo, na wale waliolazwa katika nyumba za misioni walikuwa watoto wa pande zote mbili.

Baada ya vita kuu ya kwanza wamisionari wa Kidachi waliondolewa, wakarudi tena katika miaka ya 1920. Ugonjwa uliosumbua sana siku zile ulikuwa buba. Ilipojulikana kwamba sindano hukausha vidonda vya buba kwa muda mfupi, watu wakatoka vijiji vya mbali kwa miguu kuitafuta. Tangu hapo sindano ilipata heshima ambayo haijapungua mpaka leo, hata mgonjwa aliyepewa vidonge tu huona hakutibiwa.

Na nani aliyeichoma? Mara nyingi hakuwa daktari. Alikuwa dresa, kijana wa shule ya misioni aliyejifunza kwa kutazama mikono ya sista. Alifunga vidonda, akachemsha sindano na vitambaa, akapima homa, akafagia, akachimba kaburi ilipobidi. Katika wodi za wanawake kazi ilikuwa ya masista, na mwaka 1938 likaanzishwa huko Chipole shirika la masista Waafrika, Wabenedikto wa Mtakatifu Agnes, chini ya Abate-Askofu Gallus Steiger. Baadhi ya mabinti hao wakashika kazi ya uuguzi, nasi tukaona kwa mara ya kwanza binti wa Kingoni au wa Kimatengo akimwamuru mzee mwenye wajukuu ameze dawa, na mzee akatii.

Pale Litisha, si mbali na Peramiho, palikuwa na makazi ya wakoma. Kabla ya dapsone kuenea katika miaka ya 1950, dawa ya ukoma ilikuwa mafuta ya mti wa chaulmoogra, yanayochomwa ndani ya nyama kwa maumivu makubwa na faida ndogo. Wauguzi walioishi na wakoma hawakuwa na ahadi ya kuwaponya. Walikuwa na maji, kitambaa na muda wao. Ndugu zao wenyewe waliogopa kula nao chakula walipokwenda nyumbani kwa mapumziko.

Sasa tufike kwenye jambo lenye ugumu. Kazi hii iliitwa kazi ya huruma. Ni jina zuri, lakini lilikuwa na upande wake mwingine: mwenye huruma haulizi mshahara. Mtawa anayo nyumba ya shirika itakayomtunza katika uzee wake. Dresa alikuwa na mke, watoto na kodi ya kichwa. Sisi makatekista twaijua habari hii vizuri, maana kikombe tulichokunywa kilikuwa kile kile.

Wala ubishi huo haukuzaliwa Songea. Huko Uingereza Bibi Ethel Bedford Fenwick alianzisha chama cha wauguzi mwaka 1887, akadai wauguzi waandikwe katika daftari la sheria kama walivyoandikwa madaktari. Aliyempinga hakuwa mtu mdogo: alikuwa Florence Nightingale mwenyewe, aliyeona kwamba mtihani hauwezi kupima tabia ya mtu. Wakashindana miaka mingi, hata Nightingale akafa mwaka 1910, na sheria ikatoka mwaka 1919. Kabla ya hapo, mwaka 1899, Bibi Fenwick na wenzake walikuwa wameanzisha Baraza la Kimataifa la Wauguzi. Yaani mwaka mmoja tu baada ya misioni ya Peramiho. Kwa maoni yetu Nightingale hakukosea kuhusu tabia. Lakini tabia njema haijazi ghala, na asiyeandikwa popote ni rahisi kufukuzwa bila mtu kujua.

Hapa Tanganyika watumishi Waafrika wa Serikali walikuwa na chama chao tangu mwaka 1922, kilichoanzishwa Tanga na Martin Kayamba. Dresa wa misioni hakuwa mtumishi wa Serikali, basi mlango huo haukuwa wake. Alingoja muda mrefu. Sheria ya kuwaandikisha wauguzi na wakunga ilitungwa mwaka 1952, na Baraza la Wauguzi na Wakunga likaanza mwaka 1953. Wakati huo huo wako waliochoka kungoja: Bibi Lucy Lameck wa Moshi alisomea uuguzi, lakini hakutaka kuitumikia Serikali ya kikoloni, akaingia TANU na hatimaye Bungeni.

Baada ya Uhuru wauguzi waliosajiliwa wakaunda chama cha taaluma, kilichojulikana kwa kifupi TARENA. Tazameni jina hilo: lilikuwa la waliosajiliwa. Lakini wengi waliozishika zahanati za vijijini na wodi za misioni walikuwa wa daraja la chini, wenye cheti kidogo na mzigo mkubwa. Baadaye jina likabadilika kuwa TANNA, Chama cha Wauguzi Tanzania, likawa pana zaidi. Wakunga nao walipata chama chao, TAMA, mwaka 1992.

Watu huuliza: chama hiki hufanya nini, ikiwa chama cha wafanyakazi cha TUGHE kipo? Jibu ni kwamba TUGHE husimamia mkataba na mshahara, na chama cha taaluma husimamia kazi yenyewe: nani astahili kuitwa mwuguzi, afundishwe nini, na alindwe namna gani anapochomwa na sindano ya mgonjwa wa UKIMWI. Sheria ya mwaka 1997, na ile ya mwaka 2010 iliyoifuata, ziliweka mambo haya kwa maandishi, hata leo mwuguzi hana budi kuwa na leseni na kuendelea kujifunza ili aihuishe. Hata hivyo mambo mawili hayatengani. Mwuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku kucha, hilo ni jambo la mkataba na ni jambo la taaluma pia, na mgonjwa wa kitanda cha mwisho ndiye anayelipa.

Kwa hospitali za Kanisa mwaka 1992 ulikuwa na maana kubwa, kwa kuwa ndipo makanisa na Serikali walipotia sahihi mapatano ya huduma za jamii, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Serikali ikakiri kwa maandishi kwamba wagonjwa wa hospitali hizi ni raia wake. Lakini kila mara mishahara ya Serikali ilipopanda, wauguzi wa hospitali za dini walihama. Wako waliowalaumu kwamba wamependa fedha. Sisi hatuwalaumu. Mtu mwenye watoto shuleni, akipata kazi ile ile kwa mshahara mkubwa zaidi na pensheni iliyo thabiti, hakumsaliti mtu yeyote. Neno hilo tungependa lisomwe pia na wale wanaopanga mishahara katika nyumba zetu wenyewe.

Leo Peramiho pana chuo cha sayansi za afya, na mjini Songea iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi wa nchi yetu huadhimisha siku yao kwa sare nyeupe na mishumaa, na mmoja wao huwasomea wakubwa risala. Maneno yake twayajua karibu kwa moyo: posho ya sare, kupandishwa daraja kwa wakati, nyumba karibu na hospitali, watu wa kutosha katika zamu. Wakubwa hupiga makofi na kuahidi. Wale walio wodini saa hiyo hawamo katika maandamano. Wao husimuliwa kesho yake, wakibadilishana zamu mlangoni.