Litungu na Gitaa Kavu, Bungoma hadi Kitale

Husemwa kwamba Mbukusu wa magharibi mwa Kenya hupenda litungu, kinubi cha nyuzi cha jadi, kwa kuwa ni Mbukusu, basi. Mimi naona ukabila peke yake hauelezi ladha ya muziki. Kazi na santuri zina usemi mkubwa zaidi. Kabla na baada ya reli kufika Kitale mwaka 1926, mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yalivuta vibarua kutoka Bungoma na kwingineko, watu wa lugha mbalimbali wakasikilizana jioni. Kisha gitaa kavu (lisilo la umeme) la Kongo likavuma kwa santuri: “Masanga” ya Mwenda Jean Bosco, iliyorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, ilisifika kwa udonoaji wake wa vidole. Nchini Kenya, mpiga gitaa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliutangaza mtindo wa gitaa uitwao omutibo, chupa ya soda ikigongwa kushika mapigo.

Mpinzani atataja tohara: Agosti ya miaka shufwa, kijana wa Kibukusu bado hugonga chinyimba, kengele za mkononi, hapigi gitaa. Kweli, lakini ile ni mila, na mila haichaguliwi kama santuri. Tena litungu lenyewe hudonolewa nyuzi kwa vidole. Sikio lililolizoea, nadhani, halikuona gitaa kavu kuwa mgeni.